Programu ya stoo inasema faili halipo wakati naliona kwa macho, Windows 11 biti 64

karani_gerezani

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wenu maana tangu asubuhi duka linaandika mauzo kwenye daftari na wateja wa mikoani wanataka orodha zao za mzigo wakawahi mabasi.

Niko duka la jumla la vifaa vya umeme hapa Kariakoo upande wa Gerezani. Tuna programu ya stoo ya miaka mingi, kijana mmoja alitutengenezea kwa VB6 (lugha ya zamani ya kuandikia programu), data yote inakaa kwenye faili moja la Access linaitwa stoo.mdb. Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 7 ya biti 32, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo ikafa hapohapo ila diski imepona, namshukuru Mungu kwa hilo. Bosi kanunua mashine nyingine, used ila iko vizuri, ramu GB 8, fundi kapiga Windows 11 na Office mpya. CD ya programu ilishapotea zamani, kwa hiyo fundi akachukua folda nzima ya StooKuu kwenye diski ya zamani akaipesti C:\Program Files (x86) akaniwekea shotikati pale desktopu.

Nikibofya inaleta hivi:

Component 'MSCOMCTL.OCX' or one of its dependencies not correctly registered: a file is missing or invalid

Fundi akarudi kwenye diski ya zamani akalikuta hilo faili ndani ya Windows\System32, akalikopi akalipesti kwenye System32 ya hii mpya. Nikibofya ujumbe ni uleule. Na faili lipo! Nimeingia mwenyewe nimeliona, jina lilelile, hata ukubwa uleule. Fundi anasema Windows 11 haiendani na hii programu tununue nyingine, bosi hataki kusikia, na mimi pia sitaki maana wateja wote wa mkopo wamo mle ndani.

Halafu kuna kafaili ka .bat ka kubakapu kwenye flashi, nako kanasema The system cannot find the path specified.

Inakuwaje faili nalionaona halafu kompyuta inasema halipo?

tandika_online

Pole sana dada. Njia fupi hapo mwambie fundi apige Windows 7 ya biti 32 mashine irudi ilivyokuwa. Hizo programu za zamani na biti 64 haziivi chungu kimoja.

biti64_sinza

Mkuu tandika_online hapo naomba nipingane na wewe kwa heshima zote. Windows 7 ilishaacha kupewa masasisho ya usalama tangu 14 Januari 2020, mashine yenye madeni ya wateja wa duka zima huwezi ukaiweka kwenye hali hiyo halafu ukaichomeka intaneti. Na Windows ya biti 32 kwenye ramu GB 8 itatumia pungufu ya GB 4, nusu ya hela ya bosi imekaa bure. Windows 11 yenyewe toleo la biti 32 halipo kabisa. Na wala hakuna sababu, programu za VB6 zinafanya kazi vizuri tu kwenye Windows 11, ile msvbvm60.dll ambayo VB6 haiendi bila hiyo inakuja na Windows yenyewe. Zinazokataliwa na biti 64 ni zile za biti 16 za enzi za Windows 3.1.

Sasa dada karani nisome taratibu maana hili jambo linawasumbua watu wengi sana hapa mjini na mafundi wengi wanaishia kufuta Windows na kuipiga upya bila sababu.

Biti 32 au 64 ni upana wa data ambao programu imetengenezwa kuushughulikia kwa mkupuo. Windows ya biti 64 ina folda mbili za mfumo, C:\Windows\System32 na C:\Windows\SysWOW64. Majina yamekaa kinyume, ile yenye 32 ndo ina mafaili ya biti 64 na ile yenye 64 ndo ina mafaili ya biti 32. Sababu yake ni kwamba maprogramu mengi yalikuwa yameshaandikwa System32 moja kwa moja ndani ya kodi, kwa hiyo wenye programu wakizihamishia biti 64 wasilazimike kubadilisha njia, jina wakaachiwa wao. Programu za biti 32 zikawekewa mtu wa kati anaitwa WOW64, programu ikiomba kitu cha C:\Windows\System32 anaipeleka SysWOW64 kimyakimya na yenyewe haijui kama imepelekwa kwingine.

Fundi alipofungua folda alitumia Explorer, na Explorer kwenye mashine yako ni ya biti 64, kwa hiyo faili limeingia System32 yenyewe. StooKuu ni ya biti 32, inauliza System32 inapelekwa SysWOW64, inakuta hamna. Wewe unaliona na yenyewe hailioni na wote mko sahihi. Ni sawa na kumwambia mtu nisubiri Magomeni, mmoja anashuka Mapipa mwingine Usalama, wote wamefika Magomeni na hawaonani.

Kama huniamini fungua madirisha mawili meusi uyaweke ubavu kwa ubavu. La kwanza andika cmd kama kawaida, la pili bonyeza kitufe cha Windows na R halafu andika C:\Windows\SysWOW64\cmd.exe, hili ni la biti 32. Kwenye yote mawili andika mstari huuhuu:

dir C:\Windows\System32\MSCOMCTL.OCX

La kwanza litakuonyesha faili na tarehe yake, la pili litakujibu File Not Found. Mashine moja, diski moja, njia moja herufi kwa herufi, majibu mawili. Hapo ndo utaelewa kwa nini ukopi upesti mpaka kesho haitasaidia. Na ukitaka hilo dirisha la biti 32 lifike System32 ya kweli, andika C:\Windows\Sysnative badala ya System32, hiyo ni njia ya pembeni iliyowekwa kwa ajili ya programu za biti 32 tu, usihangaike kuitafuta kwa Explorer hutaiona.

Dawa yake sasa. Fungua cmd kwa Run as administrator, diski ya zamani iwe imechomekwa, mimi naiita D wewe weka herufi yako:

copy D:\Windows\System32\MSCOMCTL.OCX C:\Windows\SysWOW64\
C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Angalia mstari wa pili nimeandika regsvr32, ile inayosajili OCX kwenye Windows, kwa njia yake nzima, usiifupishe, maana regsvr32 nazo zipo mbili na hii unayotaka ni ya SysWOW64. Ikikubali italeta kadirisha kenye neno succeeded. Lile faili alilopesti fundi kwenye System32 lifute, halidhuru lakini kesho litamchanganya mwingine. Na bahati yenu diski ya zamani ipo, kwa sababu Windows 7 ile ilikuwa biti 32 mafaili yake ya System32 ni ya biti 32 kwelikweli. Tafadhali usikubali mtu akushushie OCX au DLL (mafaili ya vipande vya programu) kwenye zile tovuti za kugawa mafaili bure, unaweza ukapewa la biti nyingine au likaja na virusi.

Ukimaliza hapo rudi utuambie, nina wasiwasi kuna lingine nyuma yake.

tandika_online

Nimekuelewa mkuu biti64, shule nzuri. Swali, na Program Files nayo inahamishwa hivyohivyo kimyakimya?

biti64_sinza

Hapana mkuu, na hapa watu wengi wanachanganya. Kinachohamishwa ni System32, tena siyo yote, ndani yake kuna mafolda machache yameachwa kama drivers\etc lenye faili la hosts. Program Files na Program Files (x86) ni folda mbili za kawaida kila moja inasimama mwenyewe, ukiandika njia kamili unaenda ulipoandika. Kinachobadilika ni lile jina la mkato %ProgramFiles%. Programu ya biti 64 ikiliuliza inajibiwa C:\Program Files, ya biti 32 inajibiwa C:\Program Files (x86). Ndo maana instola za zamani za biti 32 zinajikuta zenyewe kwenye x86.

Kwenye rejistri, pale Windows inapotunza mipangilio, pia kuna mgawanyo wa namna hiyo, programu ya biti 32 ikisoma HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE inapelekwa kwenye WOW6432Node. Mtu anaingiza mpangilio wa programu kwa regedit, anauona umekaa pale, programu inasema hakuna mpangilio.

karani_gerezani

Kaka biti64 Mungu akubariki, nimefanya kama ulivyoandika, kadirisha ka succeeded kametokea na ule ujumbe wa OCX umeondoka. Nimejaribu pia yale madirisha mawili nikamuita na fundi aone, kashika kichwa.

Ila sasa programu inafunguka mpaka kwenye nywila, nikiingiza inaleta hii:

'C:\Program Files\StooKuu\data\stoo.mdb' is not a valid path. Make sure that the path name is spelled correctly and that you are connected to the server on which the file resides.

Faili lipo kwenye folda data kama kawaida.

mbagala_kodi

Dada soma hiyo njia vizuri utaona jibu. Inatafuta C:\Program Files\StooKuu, wakati fundi ameipesti C:\Program Files (x86)\StooKuu. Kwenye Windows 7 ya biti 32 kulikuwa na Program Files moja tu, hiyo njia ilikuwa sahihi na ikaandikwa kwenye mpangilio ikabaki. Angalia ndani ya folda ya StooKuu lazima kuna faili la .ini (la mipangilio ya programu), lifungue kwa Notepad, utakuta mstari wenye hiyo njia, ongeza (x86) utakuwa umemaliza. Notepad yenyewe uifungue kwa Run as administrator la sivyo itakataa kusevu pale.

karani_gerezani

Imefunguka!!! Wateja wote wapo, bidhaa zote zipo. Asanteni sana wakuu, naanza kuingiza mauzo ya daftari sasa hivi.

biti64_sinza

Hongera dada, lakini usiingize mengi kwanza. Alichosema mbagala_kodi ni sahihi kabisa njia imepatikana, ila data ya kazi haitakiwi kukaa ndani ya Program Files hata kidogo, iwe na x86 au isiwe nayo. Pale mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Tengeneza folda C:\StooData, hamishia stoo.mdb humo programu ikiwa imefungwa, halafu kwenye ini uandike C:\StooData\stoo.mdb. Faida ya pili njia hiyo inabaki ileile kwenye mashine yoyote mtakayonunua, haijali biti.

karani_gerezani

Wakuu samahani nimerudi, jana nilikuwa nimeshaingiza mauzo yote kabla sijaona ujumbe wa kaka biti64. Leo asubuhi bosi kafika kafungua kwa akaunti yake kwenye kompyuta hiihii, anasema mauzo ya jana hayapo hata moja. Nikaingia kwa akaunti yangu yapo yote. Fundi kasema jaribu Run as administrator, nikafanya hivyo kwenye akaunti yangu, hayapo! Nikafungua kawaida, yapo. Bosi ananiangalia vibaya hapa naombeni mnisaidie haraka.

biti64_sinza

Dada tulia, hakuna kilichopotea na mwambie bosi hivyo. USIFUTE kitu chochote na usiingize mauzo mapya kwa sasa.

Hiki ndo nilichokuwa nakiogopa. Programu ya zamani ya biti 32 ikitaka kuandika ndani ya Program Files kwa akaunti ya kawaida, Windows haiigomei wazi kwa sababu programu nyingi za kale zingekufa. Inachofanya inatengeneza nakala ya faili pembeni, kwenye folda ya mtumiaji yule aliyeingia, na kuanzia hapo programu kwa mtumiaji huyo inasoma na kuandika kwenye nakala ile huku ikiamini iko palepale. Njia yake iko hivi:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\StooKuu\data

Ibandike juu kabisa kwenye Explorer uweke jina la akaunti yako. Utakuta stoo.mdb nyingine, tarehe yake ya jana jioni. Mauzo yako yote yamo humo. Bosi akiingia kwa akaunti yake anasoma ya kwake au ile ya asili, hawezi kuona ya kwako. Na ukifungua kwa Run as administrator huo mpango unazimwa, programu inaenda kwenye faili la asili ambalo halijaguswa, ndo maana yakapotea na kurudi. Programu za biti 64 hazifanyiwi hivi kabisa, zenyewe zikikataliwa zinaambiwa zimekataliwa, kwa hiyo hata ukilifungua faili la asili kwa Access ya hiyo Office mpya hutaona ya jana.

Fanya hivi. Funga programu kwenye akaunti zote. Chukua ile stoo.mdb ya VirtualStore yako ukopi kwenye C:\StooData. Kabla ya hapo angalia na VirtualStore ya bosi, kama naye ana nakala muulize aliingiza chochote au aliangalia tu, kama aliangalia tu ya kwako ndo ya kutumia. Halafu ini iandike C:\StooData\stoo.mdb. Na hapa kuna mtego mwingine, programu kama ina tabia ya kuandika kwenye ini mfano jina la mtumiaji wa mwisho, basi ini nayo inaweza kuwa na nakala kule VirtualStore, na hiyo nakala ndo inayosomwa. Utabadilisha ini ya asili mpaka uchoke haina habari. Ukiikuta kule ihamishe kwa akaunti zote mbili, ibaki ini moja.

karani_gerezani

Nimeikuta! Ya jana saa kumi na mbili jioni. Bosi hajaingiza kitu. Na ini kweli ilikuwepo nakala kule kwangu na kwa bosi pia. Nimefanya yote, sasa mimi na bosi tunaona kitu kimoja, nimemfungulia mbele yake ameona nyaya za 2.5 tulizouza jana zimepungua kwenye salio sawasawa na daftari. Jamani mmeniokoa.

Limebaki la ripoti. Programu ina kitufe cha ripoti ya mwezi, kinatumia ODBC (njia ya programu kufikia data), fundi alitengeneza jina la kuunganishia data, StooDSN, lakini nikibonyeza inasema The specified DSN contains an architecture mismatch between the Driver and Application. Bosi naye ana faili lake la Excel linavuta salio humohumo, lile linafanya kazi. Kwa nini moja ikubali nyingine ikatae?

mbagala_kodi

Hili naomba nilijibu mimi maana ndo kazi yangu ya kila siku. Ni ugonjwa uleule dada, umebadilisha tu mahali. Office mliyowekewa naona ni ya biti 64, tangu Office 2019 ukiweka bila kuchagua unapewa biti 64, zamani ilikuwa inakuja 32. Hakikisha kwa kufungua Excel, File, Account, About Excel, juu pale imeandikwa. Office hiyo imekuja na drayva ya Access ya biti 64, fundi akafungua ODBC ya biti 64 akatengeneza StooDSN humo, Excel ikafurahi kwa sababu ni biti 64 mwenzake. StooKuu ni biti 32, drayva ya biti 64 haiwezi kuingia ndani ya programu ya biti 32 wala kinyume chake, hakuna mpangilio wa kulazimisha hilo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kirekebishaji cha ODBC kipo mara mbili na yote inaitwa odbcad32.exe. Ya C:\Windows\System32 ni ya biti 64, ya C:\Windows\SysWOW64 ni ya biti 32. Wewe fungua hii:

C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe

Juu ya dirisha hakikisha pameandikwa 32-bit. Nenda System DSN siyo User DSN, Add, chagua Microsoft Access Driver (*.mdb), hii inakuja na Windows hauhitaji kushusha kitu. Jina liwe StooDSN hilohilo, faili liwe C:\StooData\stoo.mdb. Ile ya biti 64 usiifute kama nayo iko System DSN, iache kwa ajili ya Excel ya bosi ila uibadilishie njia iende C:\StooData, sasa hivi itakuwa inasoma faili la zamani na bosi anapata salio la uongo bila kujua. Majina mawili yanayofanana hayagombani, kila moja liko upande wake. Lakini kama fundi aliiweka kwenye User DSN ifute uitengeneze upya kwenye System DSN ya biti 64, maana User DSN inaonekana pande zote mbili na itakuletea mgongano huohuo.

Na mtu asije akakwambia uondoe Office uweke ya biti 32 kwa ajili ya hili, hakuna haja.

karani_gerezani

Kaka mbagala_kodi ni kweli Excel ilikuwa inaonyesha salio la kabla mashine haijafa, bosi alikuwa anataka kuagiza soketi kwa kutumia hizo namba. Fundi aliiweka User DSN, nimeifuta nimetengeneza mbili kama ulivyosema, ripoti imetoka na Excel imevuta ya leo.

Kafaili ka bakapu nimejaribu kukarekebisha kabla hamjanijibu, sasa kenyewe kako hivi:

if exist E:\ (
set D=%ProgramFiles(x86)%\StooKuu\data
copy "%D%\stoo.mdb" E:\bakapu
)

Kanasema \StooKuu\data was unexpected at this time halafu dirisha linafunga.

biti64_sinza

Hiyo mabano ndo mchawi. Windows inaibadilisha %ProgramFiles(x86)% kuwa C:\Program Files (x86) kwanza, halafu lile bano la kufunga baada ya x86 inalichukulia kama mwisho wa if. Ungezungushia alama za kunukuu, set "D=..." yote, ingepita hapo, na hata ingepita %D% ndani ya if isingebeba thamani uliyoiweka humohumo. Lakini kwako huna haja tena, data imehama. Andika tu:

if exist E:\ copy /Y "C:\StooData\stoo.mdb" E:\bakapu\

Programu iwe imefungwa ukiirun, faili la Access likikopiwa huku watu wanaingiza mauzo unaweza kupata nakala mbovu. Hakikisha folda bakapu ipo kwenye flashi.

chuo_ubungo

Wakuu naomba nidandie hapohapo, mimi natumia Ubuntu ya biti 64, nimepewa programu ya kupakia kodi kwenye maikrokontrola, nikiandika ./pakia inanijibu No such file or directory. Nikiandika ls ipo, ruhusa nimeipa kwa chmod +x. Linux nayo ina mambo ya System32?

biti64_sinza

Haina kuhamisha kimyakimya mdogo wangu, ila chanzo ni hichohicho cha biti. Andika file pakia utaona karibu hakika ELF 32-bit na mbele yake interpreter /lib/ld-linux.so.2. Linux inapoanzisha programu inaita kwanza hicho kianzishi, na kwenye Ubuntu yako ya biti 64 hakipo. Kwa hiyo kisichopatikana siyo pakia, ni ld-linux.so.2, sema ujumbe haukutajii jina lake. Fanya hivi:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Halafu jaribu tena. Ikilalamika maktaba nyingine itakutajia jina sasa, unaiweka hivyohivyo na :i386 mwishoni.

chuo_ubungo

Imepita bro, ilidai libusb nayo nikaiweka. Asante sana.

karani_gerezani

Bakapu imekubali, flashi ina faili la leo. Wakuu wote asanteni, bosi anawasalimu. Swali la mwisho kaka biti64, zile nakala za VirtualStore nizifute sasa?

biti64_sinza

Bado dada. Zizipu zote, ya kwako na ya bosi, uziweke kwenye flashi tofauti na ya bakapu uandike tarehe, zikae mpaka mfunge hesabu za mwezi na salio la stoo lilingane na mlichohesabu kwa mkono. Pale VirtualStore kwenyewe badilisha jina la folda ya StooKuu iwe StooKuu_zamani, kisha kesho mchana uangalie kama imezaliwa nyingine mpya yenye jina StooKuu. Ikizaliwa tupe orodha ya mafaili yaliyomo, maana kutakuwa na kitu kingine programu bado inakiandika kule Program Files.

karani_gerezani

Imezaliwa, ina faili moja tu linaitwa risiti.log.

biti64_sinza

Hilo ni la kumbukumbu za kuchapisha, halina mauzo. Liache.